Mwaka Niliokwenda Kutazama Minara

Kwa mtu wa kwetu anayeishi Maryland, kwenda nyumbani si safari, ni kuhamisha jeshi. Unahitaji mabegi mawili makubwa, yale ambayo ukiingia ndani na kukunja miguu kidogo unapata chumba na sebule. Kila begi lifike uzito wa mwisho unaoruhusiwa na ndege, lisipungue hata kilo moja, maana kilo inayopungua ni shangazi aliyesahauliwa. Mabegi yangu yalikaa miaka mitatu nyuma ya kochi, katika fleti yangu pale Adelphi, midomo wazi kama makinda ya ndege. Kila nikipata mshahara nilidondosha kitu humo: viatu vya mpwa, vitamini za mjomba, sufuria isiyogandwa na chakula, saa ya mtoto wa jirani aliyezaliwa nikiwa nimeshaondoka na ambaye siku hizi ana ndevu kunizidi. Hayakujaa. Nakuapia, ndugu msomaji, ukoo wetu ulikuwa ukizaana kwa kasi kuliko maduka yalivyokuwa yakipunguza bei.

Naanza na mabegi kwa sababu ndiyo niliyoyasikiliza siku dada yangu aliponiita.

Tuko wawili tu kwetu. Wazazi waliondoka mapema, mmoja baada ya mwingine, nami nikiwa bado nalilia maziwa. Dada, aliyenizidi miaka kumi na miwili, aliacha shule akashika meza ya mchele na maharage sokoni Morogoro, akanilea juu ya meza ile ile. Na macho yake yalikuwa maarufu. Watu wenye harusi walimletea magunia awachambulie, maana mpishi wa pilau anaweza kusamehewa chumvi lakini jiwe hasamehewi. Dada alikuwa akiliona jiwe ndani ya debe la mchele akiwa ng'ambo ya barabara, malori yakipita. Hilo nililiona mwenyewe, au nilisimuliwa, sikumbuki vizuri. Nimekwisha kulisimulia mara mia tano, kwa hiyo sasa ni kweli.

Kila Jumapili alinipigia kwa video. Jumapili moja ya Juni, baada ya shikamoo na marahaba, akasema, "Nimetoka hospitali ya macho."

"Wamesemaje?"

"Wanasema presha ya macho. La kushoto limekwisha kwenda, na mimi nilidhani ni uchovu. La kulia bado lipo, lakini linajifunga kutoka pembeni. Naona kama mtu anayechungulia kwenye mrija wa soda."

"Si watakupa dawa?"

"Wamenipa matone. Daktari amesema yatachelewesha, hayatarudisha. Nilimwuliza, yatachelewesha mpaka lini? Akasema, mama, mipango yako ya kuona usiiweke mbali." Alicheka kidogo. "Basi mpango wangu ni wewe. Njoo nikuone."

"Mbona tunaonana sasa hivi, dada?"

"Huku si kuonana. Hii ni picha inayosema. Miaka kumi na mmoja sijakuona umesimama. Njoo, mdogo wangu. Njoo hata mikono mitupu."

Sasa hapo kwenye mikono mitupu ndipo nilipopotea, na sikupotea kwa ujinga, nilipotea kwa malezi. Kwetu mkubwa akikwambia usijisumbue, anakukumbusha ujisumbue. Mgeni akisema ameshiba, unaongeza ubwabwa. Mama mkwe akisema hataki kitu, anataka vitenge viwili. Nimekulia katika lugha hiyo ya adabu ambamo kila neno huvaa kanzu, na nilipomsikia dada akisema "hata mikono mitupu," nilisikia mtu mzima anayenipunguzia aibu. Haikunipitia kichwani kwamba mtu anaweza kusema jambo na likawa ndilo hilo hilo.

Nikageuka nikatazama nyuma ya kochi. Mabegi yalikuwa hayajafika hata nusu.

"Nitakuja Desemba, dada," nikamwambia. "Niache nijipange kidogo. Kazi nayo imenibana."

"Haya," akasema. "Desemba." Alisema kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji pungufu akaona haya kuidai.

Kazi haikuwa imenibana. Mwezi wa tano mwaka ule nilikuwa nimehitimu shule ya jioni, stashahada ya mambo ya kompyuta, baada ya miaka sita ya kusinzia kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya mtoto. Hisabati niliirudia mara nyingi hata mwalimu akaanza kunitumia salamu za sikukuu. Mchana nilikuwa dereva wa gari la kupeleka wagonjwa wa figo kliniki; kazi mpya, ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka, ilikuwa ianze Septemba. Agosti nzima ilikuwa yangu, nyeupe, haina hata alama. Tangu niingie Marekani sijawahi kumiliki kitu kikubwa kama Agosti ile.

Ndipo wakaja marafiki zangu wawili. Mmoja ni nesi, Mkenya wa bara, kutoka kule Nyahururu kwenye baridi ya kukata masikio. Zamani tulikaa jengo moja kabla hajahamia Springfield, akawa jirani wa barabara kuu tatu zilizokunjana kama tambi. Wa pili ni Mkongo wa Bukavu, anaishi Bladensburg, tulikaa dawati moja shule ya jioni. Yeye ndiye aliyekuwa akinifinya nikianza kukoroma. Walikuja kunipongeza kwa kuhitimu, wakanikuta nimeketi kati ya mabegi.

"Mimi niko na off ya siku kumi Agosti," nesi akasema, miguu ameiweka juu ya begi la shangazi. "Sitaki kuona mgonjwa, sitaki kuona bedpan. Nataka kuona kitu mzee kuliko hospitali yetu."

"Shangazi yangu iko Brisele," Mkongo akasema. "Iko na nyumba kubwa, vyumba viwili, na mafua kila mwaka. Tulale kwake, tutembee miji ya zamani. Treni ni saa moja, saa moja. Unabeba tu kifuko kwa mgongo."

Kifuko kwa mgongo! Mtu anayejua uzito wa zawadi ataelewa jinsi maneno hayo yalivyoniingia. Ulaya hakuna mjomba anayekusubiri na namba ya kiatu. Hakuna anayesimama mlangoni akitazama mikono yako kabla ya uso wako. Na kwa paspoti yangu ya bluu, kuingia Ubelgiji nilihitaji tabasamu tu, lakini kuingia Morogoro, nilikokatwa kitovu, nilihitaji viza. Nilijihesabia sababu hizo moja moja mpaka zikatosha. Mwanadamu akitaka kukosea, akili yake huwa wakili wa bei ghali kabisa.

Nikaenda. Na nikuambie ukweli mchungu: nilifurahi.

Tulifika Brussels tukapokewa na shangazi wa Mkongo, mama mfupi mwenye sauti ya spika ya kanisani, aliyetupikia sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wakubwa kiasi kwamba vichwa vyao vilikula mezani pamoja nasi. Kesho yake tukaanza miji. Ghent tuliingia kwenye ngome ya mawe katikati ya mji, yenye chumba cha vyombo vya kutesea watu. Nesi alivitazama kimoja kimoja kwa makini ya kitaalamu.

"Hii wameweka vibaya," akasema, mbele ya chuma fulani cha shingo. "Hapa mtu anakufa haraka sana. Kama nia ni kutesa, hawa hawakuwa na training."

"Wewe mama, unatisha," Mkongo akamwambia. "Sitaki kuugua kwa zamu yako."

Tulicheka hata mlinzi akaja kututazama. Makanisa tuliyoingia siku zile yalikuwa mengi hata nikadhani nimeshaokoka mara tatu. Kila uwanja ulikuwa na nyumba zilizobanana, paa za ngazi ngazi, dhahabu imepakwa hadi kwenye kona ambazo njiwa tu ndio wanaozifikia. Mbele ya jumba moja kubwa Brussels, Mkongo alinyamaza. Si kawaida yake; yeye hata akilala huongea. Alilitazama jumba lile kuanzia nguzo hadi paa.

"Ndugu," akaniambia, "unaona hii mawe?"

"Nayaona."

"Babu ya babu yangu njo alilipa. Na haikulipwa na pesa." Alikunja ngumi akaizamisha ndani ya mkono wa koti lake, ncha ya mkono wa koti ikabaki inaning'inia tupu, kama ya mtu aliyekatwa kiganja. Kisha akatoa mkono, akacheka, akasema twende tukale viazi, maana hivyo angalau ni deni dogo. Tulikula viazi. Lakini sikupiga picha jumba lile, na hata leo sijui kwa nini nilidhani kutopiga picha kunamsaidia mtu.

Jumapili ilitukuta Brugge.

Sijui nikuelezeje Brugge bila kuiongezea, na safari hii sina haja ya kuongeza. Mji mzima umekaa juu ya maji, madaraja madogo ya mawe, mabata maji meupe yanaelea kama wanahisa, na katikati mnara mrefu wa kengele unaoonekana popote ulipo. Tulipanda ngazi zake, elfu kumi na nne kwa hesabu ya magoti yangu. Mkongo alibaki chini: "Goti yangu haiko na paspoti ya kupanda huko." Nesi alipanda akinisukuma kwa nyuma na kunitukana mapafu. Juu kule upepo ulikuwa mtamu, paa nyekundu zimetandazwa hadi mwisho wa macho, na jua, jua lenyewe, lilikuwa lile la Agosti la watu wa kaskazini, linalokaa mbinguni kama mgeni asiyejua kuaga.

Tuliposhuka tukatafuta pa kukaa kando ya mfereji. Ndipo simu ikalia. Dada, kwa video.

Nilikuwa nimesahau kwamba ni Jumapili. Nilikuwa nimemwambia kazi mpya imeanza, nafanya shifti hata wikiendi. Niliinuka na simu mkononi kama mtu aliyeshika kaa la moto, nikatupa jicho kushoto na kulia. Nyuma yangu maji, mbele yangu mnara, pembeni wazungu wenye kofia wanakula koni za aiskrimu. Nikaona uchochoro mwembamba kati ya nyumba mbili, nikajipenyeza humo, nikaegemea ukuta wa matofali uliokuwa mweusi kwa unyevu. Nikapokea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Uko wapi, mbona giza?"

"Stoo. Niko kazini, nimejificha kidogo nikuongeleshe."

"Pole na kazi. Sikuoni. Subiri."

Akaisogeza simu karibu na jicho lake la kulia. Karibu zaidi. Kioo chote cha simu yangu kikawa jicho moja, kahawia, na utando wa samawati pembezoni, linahangaika juu na chini, kushoto na kulia, linanitafuta. Sikumwona dada. Niliona jicho tu, kubwa kuliko kiganja changu, na ndani yake kidoa cheupe kidogo ambacho nadhani kilikuwa mimi.

"Naona kitu cheusi kinasogea," akasema. "Ni kichwa chako hicho?"

"Ndiyo, dada."

"Huko stoo hakuna dirisha? Geuka kwenye mwanga, mdogo wangu. Geuka kidogo tu. Leo jicho limeamka vizuri, nimelinyima kazi asubuhi yote nikulimbikizie wewe."

Mwanga ulikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa. Naweza kukuonyesha: mguu wa kulia, mguu wa kushoto, halafu jua. Lakini huko kwenye jua kulikuwa na mnara, na mabata maji, na wazungu wa koni, na mimi nimevaa kofia ya majani kama mkulima wa kwenye katuni. Kama ningegeuka angeniona vizuri kuliko alivyoniona kwa miaka kumi na mmoja, na angeona pia niko wapi.

"Hakuna dirisha, dada," nikasema. "Ndani huku ni giza tupu."

Jicho lilihangaika kidogo zaidi. Kisha likafumba, na kioo changu kikawa kope tu.

"Basi," akasema. "Jumapili ijayo tafuta pa mwanga. Rudi kazini wasije wakakufukuza."

Nilipogeuka nilimkuta nesi amesimama kwenye mdomo wa uchochoro, chupa mbili za maji mkononi. Alikuwa ameniletea maji. Alikuwa amesikia.

"Huyo ni sister yako? Yule wa macho?"

"Ndiye."

"Nilidhani ulishaenda kumwona. Ama umepanga wiki ijayo. Ni glaucoma, si ndiyo? Jicho moja imeenda?"

"Imeenda. Nitakwenda Desemba."

Sikuwa nimewahi kumwona nesi yule akikasirika. Alikuwa mtu wa kucheka mbele ya vyuma vya kutesea. Aliziweka zile chupa chini, polepole.

"Nisikize wewe Mtanzania. Hiyo kitu haijui Desemba. Haina kalenda. Mimi nimeona watu wanalala wakiona na kuamka hawaoni. Hapa tulipo ni karibu kuliko Maryland. Kesho asubuhi unaenda airport pale Brussels, unanunua tikiti, viza si unaichukua ukifika, usiku uko kwenu. Sisi tutaelewa. Mkongo atakulilia kidogo, atapona."

"Na niende na nini?"

"Aje?"

"Niende na nini mkononi? Nina kibegi cha mgongoni, suruali mbili na mswaki. Miaka kumi na mmoja, halafu nitokeze mlangoni na mswaki? Mjomba atasema nimefukuzwa Marekani. Majirani watasema nimetoka jela."

"Kwani nani anashughulika na mikono yako? Si anataka kuona uso!"

"Hujui kwetu."

"Ni kama kwetu tu! Nunua chokoleti hapo kwa kona, ukoo mzima itakula. Ama nenda hivyo. Si alikuambia uende hivyo?"

"Alisema kwa adabu."

Alinitazama. Maji ya mfereji yalikuwa yakipiga ukuta nyuma yake, taratibu, kama mtu anayefua kitambaa kidogo.

"Haya," akasema. "Mimi nimesema."

Tulimkuta Mkongo amefanya urafiki na mwenye duka la aiskrimu. Aliuliza mbona tumenuna, nesi akajibu ni jua. Siku iliyobaki tuliimaliza kwa kutembea, na tulipopigwa picha na mtalii fulani wote watatu mbele ya mnara, nilicheka. Nina picha hiyo. Nimeanika meno yote thelathini na mawili kwenye jua, na kama ningekuwa na sitini na manne ningeyatoa pia. Tuliendelea na miji miwili mingine kabla ya kurudi, na sikumbuki chochote cha miji hiyo, ila kwamba yote ilikuwa na jua.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimesharudi Adelphi. Nilifungua mapazia, nikavuta meza hadi dirishani, nikanyoa ndevu, nikaketi kwenye mwanga hata nikatoka jasho. Dada alipiga, akasogeza jicho. "Leo halijaamka," akasema. Wiki iliyofuata halikuamka pia. Septemba nikaanza kazi ya kiti kinachozunguka, ambako likizo huanza kuhesabiwa ukishakaa miezi mitatu. Nikawaomba siku chache. Wakanijibu kwa barua nzuri yenye salamu za kampuni.

Jumapili moja ya Oktoba simu ililia, nikakimbilia dirishani, nikapanga nywele, nikainua simu usoni. Haikuwa video. Dada alikuwa amepiga simu ya kawaida, ile ya sauti tu.

"Shikamoo, dada. Mbona hukupiga ya video?"

"Marahaba," akasema. "Ya nini kuharibu bando?"

Tuliongea habari za mvua, bei ya maharage na harusi ya jirani. Nilibaki nimeishika simu mbele ya uso wangu, kwenye mwanga, hadi alipokata.

Desemba nilikwenda. Mabegi yalijaa, nayo yalijaa kwa wiki mbili tu, maana hofu hununua haraka kuliko upendo. Niliyaburuta hadi kwenye treni ya umeme pale Dar, nikayashusha Morogoro nikitokwa jasho la ng'ombe, na binti wa dada, ambaye sasa ndiye mwenye meza sokoni, akanipokea na bajaji mbili, moja ya mimi na moja ya mizigo. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametanguliza mikono. Hakuitazama yangu kama ina kitu. Alinishika mabega, kisha shingo, akaniambia nimerefuka, jambo ambalo haliwezekani.

Mabegi yalifunguliwa na kumalizika kwa nusu saa. Nakwambia nusu saa, na hapa siongezi. Mjomba alichukua vitamini akauliza kama hakuna za magoti. Sufuria ilikwenda kwa shangazi aliyekwisha kuwa nazo tatu. Dada nilimpa gauni.

"Rangi gani?" akauliza.

"Zambarau."

"Nzuri," akasema, akalikunja vizuri, kona kwa kona, akaliweka mapajani.

Siku ya tatu nilimkuta uani anachambua maharage kwa vidole, kwa kasi ile ile ya zamani. Nilikaa mkekani nikamweleza. Nilimwambia Agosti sikuwa kazini, nilikuwa Ulaya na marafiki, tunatazama minara. Nilimwambia ile stoo haikuwa stoo. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza, labda kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Vidole vyake havikusimama.

"Siku ile niliyokwambia ugeuke," akasema. "Nje kulikuwa na jua?"

"Lilikuwepo."

"Mbali?"

"Hatua mbili."

Alitoa jiwe, akalitupa pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejipanga kama ninavyojipanga kwa kila kitu, na hayakuja.

Jioni ile, jua lingali juu, wageni wakaja kunipa pole ya safari. Wa kwanza alikuwa mama muuza mkaa, jirani wa ukuta mmoja.

"Karibu, mama. Kabla hujakaa," dada akamwambia, "hebu nitazamie huyu. Amekuwaje?"

Yule mama alinizunguka kama anayenunua mbuzi. "Ana kitambi. Nywele za mbele zimehama. Mvi zipo, hasa upande huu."

"Mvi!" dada akacheka. "Nyingi?"

"Za kutosha."

Akaja mjomba, naye akaulizwa. Mjomba akasema nimetakata, nimekuwa mweupe kama Mzungu, mwili wa bosi. Akaja mwalimu mstaafu, akasema ni baba yetu mtupu, hakuna kilichobadilika, hata hizo mvi hazioni. Binti wa dada akasema mimi, mjomba wake, nina macho ya mtu asiyelala. Dada aliwapokea wote, akitikisa kichwa, akiuliza pua ikoje, akiuliza nikicheka ule mwanya wa meno bado upo. Mimi nilikaa kwenye kigoda katikati yao, nimenyoosha mgongo, nikigeuzwa huku na huku ili nitazamwe vizuri. Kabla chai haijaiva alikuwa amekwisha kuletewa wadogo wanne, na hakuna aliyefanana na mwenzake.

"Sasa nimchukue yupi?" akauliza, akicheka. "Mmoja mweupe, mmoja ana mvi, mmoja ni baba. Nani kati yenu anasema kweli?"

Wakaanza kubishana. Nikaona niwasaidie, nikafungua mdomo.

"Dada, ukweli ni kwamba..."

"Wewe sikuulizi," akasema, bila hasira yoyote, akamgeukia muuza mkaa. "Enhe, mama. Umesema upande upi?"